Asilimia ya Nini? Viwango vya Rejea katika Upimaji wa Gesi Joto ya Usafiri wa Meli wa Kimataifa

Ikisiri

Malengo ya kupunguza gesi joto katika usafiri wa meli wa kimataifa hutamkwa kwa asilimia. Asilimia hizo hazina maana kamili mpaka ijulikane zinahesabiwa kutoka mwaka gani, kwa kipimo gani na ndani ya mpaka upi. Makala hii inafafanua namna viwango vya rejea vinavyowekwa katika sekta hiyo, na inaonesha kwa mifano ya hesabu kwamba takwimu zilezile zinaweza kuleta hitimisho mbili zinazopingana endapo rejea itabadilishwa bila kutajwa. Aidha, makala inapendekeza istilahi nne za Kiswahili za kutenganisha dhana ambazo mara nyingi hufunikwa na neno moja, na inasisitiza tofauti kati ya vitenzi kupungua na kupunguza kama nyenzo ya uchambuzi wa sera. Hoja kuu ni kwamba matini ya sera inayotaja asilimia bila kutaja rejea yake haijakamilika.

1.0 Utangulizi

Mnamo Julai 2023, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini, yaani IMO, lilipitisha mkakati mpya kuhusu gesi joto ya meli. Mkakati huo unataka jumla ya gesi joto inayotolewa na usafiri wa meli wa kimataifa ipungue kwa angalau asilimia 20 ifikapo mwaka 2030, huku juhudi zikielekezwa kwenye asilimia 30. Na kwa angalau asilimia 70 ifikapo mwaka 2040, huku juhudi zikielekezwa kwenye asilimia 80. Mwaka 2050 au karibu na hapo, sekta inatarajiwa kufikia sifuri halisi, yaani gesi inayotolewa isizidi ile inayoondolewa angani. Asilimia za mwaka 2030 na 2040 zinalinganishwa na hali ya mwaka 2008.

Msomaji wa Afrika Mashariki hukutana na asilimia za aina nyingine katika nyaraka za kitaifa. Mchango wa Kenya chini ya Mkataba wa Paris, uliowasilishwa mwaka 2020, uliahidi kupunguza gesi joto kwa asilimia 32 ifikapo mwaka 2030. Hata hivyo, asilimia hiyo hailinganishwi na mwaka wowote uliopita. Inalinganishwa na makadirio ya tani milioni 143 ambazo zingetolewa mwaka 2030 endapo mambo yangeendelea kama kawaida. Ukiondoa asilimia 32 katika tani milioni 143, zinabaki takribani tani milioni 97. Mwaka 2015 Kenya ilikuwa imetoa tani milioni 93.7. Kwa maneno mengine, ahadi hiyo inaweza kutimizwa kikamilifu ilhali kiasi halisi kimeongezeka kidogo.

Jambo hilo halina udanganyifu ndani yake. Nchi inayojenga viwanda na kupeleka umeme vijijini ina sababu za msingi za kuchagua rejea ya namna hiyo. Tatizo hujitokeza pale mshauri wa sera aliyezoea rejea ya makadirio anaposoma asilimia ya usafiri wa meli na kudhani kwamba inahesabiwa vilevile. Sentensi mbili zinazofanana neno kwa neno, "gesi joto itapungua kwa asilimia 30", hubeba maana mbili tofauti kabisa. Makala hii inachunguza chanzo cha tofauti hiyo na namna Kiswahili kinavyoweza kuibainisha.

2.0 Neno moja, dhana nne

Katika matini nyingi za Kiswahili kuhusu tabianchi, maneno kama kiwango cha msingi au hali ya awali hutumika kwa dhana zinazopaswa kutenganishwa. Makala hii inatumia istilahi nne zifuatazo.

Ya kwanza ni mwaka wa rejea. Huu ni mwaka uliochaguliwa kuwa mwanzo wa ulinganisho. Kwa mkakati wa IMO, mwaka huo ni 2008.

Ya pili ni kiwango cha rejea. Hiki ni kiasi kinachokadiriwa kuwa kilitolewa katika mwaka huo. Mwaka wa rejea unaweza kubaki uleule kwa miongo mingi ilhali kiwango cha rejea kinarekebishwa kila mbinu za ukadiriaji zinapoboreshwa. Wanaosema kwamba rejea haijabadilika huenda wanazungumzia mwaka, na wanaosema kwamba imebadilika huenda wanazungumzia kiwango. Wote wanaweza kuwa sahihi.

Ya tatu ni mstari wa rejea. Huu ni mchoro wa kihesabu unaoonesha kiasi kinachotarajiwa kwa meli ya aina na ukubwa fulani. Meli kubwa hutumia mafuta machache kwa kila tani ya shehena kuliko meli ndogo. Hivyo, haiwezekani kuzipima zote kwa namba moja. Kila aina ya meli, iwe ya makontena, ya mafuta au ya shehena kichele, hupewa mstari wake.

Ya nne ni mkondo wa kawaida, yaani makadirio ya mambo yatakavyokuwa iwapo hakuna hatua mpya itakayochukuliwa. Hii ndiyo rejea ya mchango wa Kenya uliotajwa hapo juu. Tofauti yake na tatu zilizotangulia ni kwamba inatazama mbele. Kwa hiyo, usahihi wake hauwezi kuthibitishwa kwa kumbukumbu za zamani.

3.0 Mwaka 2008: kupungua na kupunguza

Kwa nini 2008? Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 ilitumia mwaka 1990 kama rejea kwa nchi nyingi zilizoendelea, lakini gesi joto ya mafuta ya meli za kimataifa haikuingizwa katika jumla za kitaifa. Nchi hizo zilielekezwa kuishughulikia kupitia IMO. Mkakati wa kwanza wa IMO, uliopitishwa Aprili 2018, ulichagua mwaka 2008, na ule wa 2023 ukaendelea nao.

Mwaka huo una sifa ya pekee. Biashara ya baharini ilikuwa imepanda kwa miaka kadhaa mfululizo, na meli nyingi zilisafiri kwa mwendo wa kasi. Kisha msukosuko wa fedha ulioanza Marekani ulienea duniani. Shehena zilipungua ilhali meli mpya zilizoagizwa wakati wa neema ziliendelea kukabidhiwa kwa wamiliki. Meli zikawa nyingi kuliko kazi, na wenye meli wakapunguza mwendo ili kuokoa mafuta.

Athari ya mwendo si ndogo. Kwa kanuni ya jumla, nguvu ya injini inayohitajika hubadilika kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Meli ikipunguza mwendo kwa asilimia 10, nguvu inayohitajika hushuka kwa takribani asilimia 27. Kwa kuwa safari huchukua muda mrefu zaidi, akiba ya mafuta kwa umbali uleule huwa takribani asilimia 19.

Utafiti wa tatu wa IMO kuhusu gesi joto, uliotolewa mwaka 2014, ulikadiria kwamba usafiri wa meli wa kimataifa ulitoa tani milioni 921 za hewa ukaa mwaka 2008 na tani milioni 796 mwaka 2012. Huo ni mshuko wa takribani asilimia 14 katika miaka minne. Katika kipindi hicho, hakuna kanuni ya lazima ya kimataifa kuhusu gesi joto ya meli iliyokuwa imeanza kutumika. Kanuni za kwanza, zinazohusu ufanisi wa nishati, zilianza tarehe 1 Januari 2013.

Hapa sarufi ya Kiswahili inatoa msaada ambao wachambuzi wa sera hawajautumia vya kutosha. Kitenzi pungua hueleza jambo linalotokea. Kitenzi punguza, katika kauli ya kutendesha, hudai mtendaji. Kati ya mwaka 2008 na 2012, gesi joto ya meli ilipungua. Ni vigumu kusema kwamba kuna sera ya kimataifa iliyoipunguza. Mwaka wa rejea ukiwekwa kwenye kilele, kupungua kote kulikoletwa na soko huhesabiwa pamoja na upunguzaji ulioletwa na kanuni. Kinyume chake, soko likichangamka na mwendo ukarudi juu, mafanikio hayo yanaweza kupotea bila kanuni yoyote kufutwa.

Nomino nazo zinahitaji uangalifu. Upungufu humaanisha uhaba au kasoro. Kwa hiyo, upungufu wa gesi joto ni usemi unaopotosha. Inafaa kuandika kupungua kwa gesi joto pale panapoelezwa mabadiliko yaliyopimwa, na upunguzaji wa gesi joto pale tu panapotajwa hatua iliyochukuliwa na aliyeichukua.

4.0 Mpaka wa hesabu: chombo au safari

Hata baada ya mwaka kukubaliwa, bado kuna swali la nini kihesabiwe kuwa usafiri wa kimataifa. Utafiti wa tatu ulitumia mbinu inayotazama chombo. Meli ziligawanywa kwa aina na ukubwa, na zile zinazofahamika kufanya safari za kimataifa zikahesabiwa kuwa za kimataifa kwa kazi yao yote. Utafiti wa nne, uliotolewa mwaka 2020, uliongeza mbinu inayotazama safari. Kwa mbinu hiyo, safari kati ya bandari za nchi mbili ni ya kimataifa, na safari kati ya bandari mbili za nchi moja ni ya ndani, hata kama meli ni ileile.

Mfano wa pwani ya Afrika Mashariki unaweza kusaidia. Meli inayotoka Asia ikashusha shehena Dar es Salaam, kisha ikaendelea hadi Tanga kabla ya kwenda Mombasa, kwa mbinu ya chombo ni ya kimataifa njia nzima. Kwa mbinu ya safari, kipande cha Dar es Salaam hadi Tanga huhamishiwa kwenye hesabu ya ndani ya Tanzania.

Tofauti hiyo ni kubwa duniani kote. Kwa mwaka 2018, utafiti wa nne ulikadiria tani milioni 919 za hewa ukaa kwa mbinu ya chombo, na tani milioni 740 kwa mbinu ya safari. Tani milioni 179 zilizobaki hazikutoweka angani. Zilihamia safu nyingine ya jedwali.

Tuseme mchambuzi anachukua kiwango cha rejea cha tani milioni 921 kutoka katika utafiti wa tatu. Akikilinganisha na tani milioni 919 za mwaka 2018, atahitimisha kwamba miaka kumi imepita bila mabadiliko ya maana. Akikilinganisha na tani milioni 740, atapata mshuko wa karibu asilimia 20, na anaweza kutangaza kwamba lengo la chini la mwaka 2030 limekaribia kufikiwa miaka kumi na miwili mapema. Hesabu zote mbili ni sahihi kama hesabu. Ya pili ni batili kama hoja, kwa kuwa imepima mwanzo kwa pishi moja na mwisho kwa pishi jingine. Kanuni inayofuata ni nyepesi kuitamka na nyepesi kuisahau: mpaka wa hesabu ukibadilika, kiwango cha rejea lazima kihesabiwe upya kwa mpaka huohuo.

Mpaka una sura nyingine mbili. Kwanza, gesi ipi inahesabiwa. Hewa ukaa si gesi pekee. Meli zinazotumia gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika huvujisha methani. Utafiti wa nne ulionesha kwamba methani ya meli iliongezeka kwa takribani asilimia 150 kati ya mwaka 2012 na 2018. Pili, hesabu inaanzia wapi. Mafuta yanaweza kupimwa yanapochomwa injinini peke yake, au kuanzia uchimbaji, usafishaji na usafirishaji wake hadi kuchomwa. Mafuta yanayoonekana safi kwa kipimo cha kwanza yanaweza kupoteza sifa hiyo kwa kipimo cha pili.

5.0 Rejea zaidi ya moja katika sekta moja

Kanuni zinazozihusu meli kwa sasa hazitumii rejea moja. Kipimo cha ufanisi wa muundo wa meli mpya kinatumia mistari ya rejea iliyochorwa kutokana na meli zilizoundwa kati ya mwaka 1999 na mwanzoni mwa 2009. Lengo la uwiano wa kaboni, yaani kiasi cha hewa ukaa kwa kila kazi ya uchukuzi, linataka mshuko wa angalau asilimia 40 ifikapo mwaka 2030 kwa rejea ya 2008. Lakini kanuni ya kuzipanga meli katika madaraja A hadi E kila mwaka, iliyoanza mwaka 2023, inatumia mistari ya rejea ya mwaka 2019.

Sababu ya kuchagua 2019 ni ya kiutendaji. Mwaka huo ndipo meli zenye ujazo jumla wa 5,000 na zaidi zilipoanza kuwajibika kukusanya takwimu za matumizi ya mafuta chini ya mfumo wa IMO. Kwa mwaka 2008 kulikuwa na makadirio. Kwa mwaka 2019 kulikuwa na taarifa za meli zenyewe. Huu ni mvutano wa kudumu katika uwekaji wa rejea: mwaka wenye maana ya kisera mara nyingi hauna takwimu bora, na mwaka wenye takwimu bora umekuja wakati mabadiliko mengi yameshatokea.

Kuunganisha rejea hizo mbili kunahitaji uangalifu. Utafiti wa nne ulionesha kwamba, kwa mbinu ya chombo, uwiano wa kaboni wa mwaka 2018 ulikuwa bora kuliko wa 2008 kwa asilimia 22 ukigawanywa kwa uwezo wa meli wa kubeba, na kwa asilimia 32 ukigawanywa kwa shehena iliyobebwa hasa. Kanuni ya madaraja inataka mshuko wa asilimia 21.5 kutoka mwaka 2019 hadi 2030. Tukichukua hali ya 2018 kuwa karibu na ya 2019, kwa ajili ya kielelezo tu, asilimia hizo hazijumlishwi. Kwa kipimo cha kwanza kilichobaki ni asilimia 78, na asilimia 21.5 hukatwa kutoka hapo. Matokeo ni mshuko wa takribani asilimia 39 tangu 2008. Kwa kipimo cha pili matokeo ni takribani asilimia 47. Lengo la asilimia 40 limekosekana kwa kipimo kimoja na kuvukwa kwa kingine, ilhali meli ni zilezile na juhudi ni ileile.

Mfano wa mwisho unahusu mafuta. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni iliyoanza kutumika Januari 2025, unapima gesi joto kwa kila megajuli ya nishati inayotumiwa na meli zinazotia nanga katika bandari zake. Rejea yake ni gramu 91.16, inayotokana na takwimu za mwaka 2020, na mshuko wa kwanza unaodaiwa ni asilimia 2. Mfumo wa IMO uliokubaliwa kwa awali Aprili 2025 unapendekeza rejea ya gramu 93.3, inayowakilisha mwaka 2008, na mshuko wa chini wa asilimia 4 mwaka 2028. Kwa jicho la haraka, IMO inadai mara mbili ya Ulaya. Ukikokotoa, Ulaya inafika gramu 89.3 na IMO gramu 89.6. Mbinu za mifumo hiyo hazifanani katika kila kipengele, lakini funzo liko wazi: asilimia kubwa zaidi imetoa kikomo kilicholegea kidogo zaidi.

6.0 Maana yake kwa ukanda wa Afrika Mashariki

Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hupokea sehemu kubwa ya shehena zao kupitia Mombasa na Dar es Salaam. Gharama yoyote inayowekwa juu ya mafuta ya meli inaweza kufika Kampala, Kigali na Bujumbura ikiwa juu ya gharama ya barabara na reli. Mfumo wa IMO wa Aprili 2025 unahusisha malipo kwa meli zinazovuka vikomo vilivyowekwa. Upitishwaji wake rasmi uliahirishwa kwa mwaka mmoja katika kikao cha Oktoba 2025. Kwa hiyo, mjadala bado uko wazi, na nchi za ukanda zina nafasi ya kuuingia zikiwa na uelewa wa namba zinazojadiliwa.

Uwezo wa kitaalamu umeanza kujengwa. Kituo cha ushirikiano wa teknolojia ya majini kwa Afrika kiko Kenya, chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, na kimejihusisha na ukusanyaji wa takwimu za mafuta ya meli na ufanisi wa nishati bandarini. Kinachokosekana ni daraja la lugha. Kiswahili si miongoni mwa lugha sita rasmi za IMO, lakini tangu mwaka 2021 ni miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Maamuzi yaliyojadiliwa kwa lugha nyingine yatahitaji kuelezwa kwa Kiswahili kwa wabunge, mamlaka za bandari, wasafirishaji na vyama vya mabaharia.

Kwa mintarafu hiyo, makala hii inapendekeza kwamba kila matini ya sera ya Kiswahili inayotaja asilimia ya gesi joto itaje pamoja nayo mambo manne: mwaka wa rejea, au mkondo wa kawaida kama ndio uliotumika, kiwango cha rejea na utafiti kilikotoka, kipimo, yaani kama ni jumla ya gesi au uwiano, na kama uwiano, umegawanywa kwa nini, na mpaka, yaani gesi zipi, safari zipi na hatua zipi za mafuta zimehesabiwa. Mambo hayo yanaweza kuingia katika sentensi moja. Badala ya kuandika kwamba IMO inalenga kupunguza asilimia 20, inafaa kuandika kwamba IMO inalenga jumla ya gesi joto ya mwaka ya usafiri wa meli wa kimataifa iwe, ifikapo 2030, chini kwa angalau asilimia 20 kuliko ilivyokuwa mwaka 2008. Kisha kiwango na mpaka vitajwe katika sentensi inayofuata.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba uwekaji wa rejea hutangulia upimaji na huamua kwa kiasi kikubwa matokeo yake. Imeonesha kuwa kiwango kimoja cha mwaka 2008 kinaweza kutoa mshuko wa karibu asilimia 20 au kutotoa mshuko wowote, kutegemea mpaka wa hesabu. Kwamba lengo la uwiano wa kaboni linaweza kufikiwa au kukosekana kutegemea kigawanyo. Na kwamba asilimia 4 inaweza kuwa legevu kuliko asilimia 2. Imeonesha pia kwamba Kiswahili kina nyenzo za kutenganisha kinachopungua chenyewe na kinachopunguzwa.

Wanaistilahi, wafasiri na washauri wa sera wanahitaji kukubaliana mapema juu ya maneno haya, kabla maamuzi ya IMO hayajaingia katika sheria za nchi za ukanda. Sheria ikishatungwa kwa neno lenye maana nne, atakayelipia utata huo ni msafirishaji aliye mbali na bahari, pamoja na mnunuzi wa sukari na saruji anayemtegemea.